Kitunga Mlangoni

Kila mwaka profesa wa chuo rafiki cha Ulaya alichora mishale miwili ubaoni. Mmoja ulitoka kwao kuja kwetu, mwingine ulitoka kwetu kwenda kwao, na alijitahidi sana ilingane urefu. Kuna mwaka alifuta mmoja kwa kiganja akauchora upya, eti ulikuwa umezidi kidogo. Juu yake aliandika kwa Kifaransa maneno yenye maana ya faida kwa pande zote, akageuka kututazama sisi walimu wa chuo pale Kasongo, mashariki mwa Kongo, tuliobana magoti kwenye madawati ya wanafunzi wetu, akatabasamu. Nasi tukatabasamu. Leo nikiikumbuka ile mishale hasira inanipanda mpaka najikuta nimesimama peke yangu katikati ya chumba.

Huyo mama hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningelala vizuri zaidi. Alikula sombe yetu, majani ya mihogo ya kutwanga, bila kukunja uso, alijifunza kusema aksanti na habari ya nyumbani, na alikumbuka majina ya watoto wangu wote. Ukimkasirikia mtu wa namna hiyo, wenzako wanakuona wewe ndiye mwenye kasoro. Nimeishi na kasoro hiyo miaka kadhaa sasa na sina mpango wa kupona.

Mimi ni mwalimu msaidizi wa kilimo, wenyewe tunaitwa asista, na nimekuwa asista muda mrefu kuliko inavyofaa kutaja. Kwetu ni Wamaza, upande wa Kabambare. Chuo chetu kilipofunga urafiki na chuo chao cha Ulaya, walitaka mtu anayejua mashamba ya huko, anayesema Kibangubangu, na anayeweza kukaa juu ya pikipiki kutwa nzima bila kulalamika. Nikapewa cheo cha mratibu wa huku. Mratibu wa kule alikuwa na ofisi na karani. Mratibu wa huku alikuwa na pikipiki ya kuazima na koti la mvua.

Kazi yenyewe ilikuwa kukusanya mbegu za mpunga wa zamani wa Kabambare, zile ambazo hazimo katika vitabu, zihifadhiwe kwao kwenye chumba cha baridi zisije zikapotea. Niliipenda kazi hiyo, na niliiamini. Chuo chetu hakina chumba cha baridi, hakina hata umeme wa kupozea soda, na mbegu zilikuwa kweli zinapotea. Nilipowaongoza kwenda Wamaza mara ya kwanza, mimi mbele na wao nyuma kwenye pikipiki zao, tukivuka madaraja ya magogo mmoja mmoja kwa miguu, nilijiona mtu wa maana.

Niliwapeleka kwa shangazi yangu, dada ya baba. Shangazi ana mifupa mikubwa, ananusa tumbaku, na ni mgomvi. Amegombana na majirani wote wa upande wa kulia na nusu ya wale wa kushoto, na wote hao huja kwake kuomba mbegu. Mimi ananiita baba, kwa sababu nimepewa jina la baba yake. Hata akinitukana hunitukana kwa heshima ya baba.

Mbegu tuliyoifuata ilikuwa inaning'inia jikoni kwake, juu ya moto, mafungu ya masuke yaliyokwisha kuwa meusi kwa moshi. Kule tunauita mpunga wa mbele. Punje zake ni nyekundu na fupi, zinavunjika kinuni, na hakuna mtu atakayeununua sokoni Kasongo. Lakini ukipandwa kwa mvua za kwanza unakomaa kabla ya mwingine wowote, katika ile miezi ambayo ghala ni tupu na nyumba nzima inakula majani ya mihogo bila kitu cha kuweka pembeni. Kwa mtoto wa Wamaza, shibe ya kwanza ya mwaka ni mpunga wa mbele. Mimi nilikua kwa mpunga huo.

Shangazi aliteremsha mafungu, na wanawake wengine wakaleta ya kwao. Profesa alikuwa amekuja na vitenge na sabuni za kugawa, akaanza kugawa. Hakuna aliyepokea. Shangazi alikisukuma kitenge kwa vidole viwili kama mtu anayesogeza sahani ya mgonjwa. Nikaona macho ya profesa yanalegea kwa machozi. Aliwashika wanawake mikono, mmoja baada ya mwingine, kisha akamwambia mwanafunzi wake aliyekuwa anapiga picha, "Wametoa bure. Hawana kitu, na wametoa bure."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, mchana kweupe, watu wote wakiwa na nia njema.

Kwetu mbegu haitolewi bure, na wala haibadilishwi na kitenge. Mbegu inakopeshwa. Ukikosa ya kupanda, unakwenda kwa mwenzako. Anakupimia kwa kitunga chake, kikapu kidogo cha mviringo, anasawazisha juu kwa kiganja, anakumiminia kwenye mfuko wako unaondoka. Ukivuna unarudisha kwa kitunga hicho hicho, lakini safari hii kinajazwa mpaka juu kunakuwa na kilima. Ukikubali sabuni au kitenge, umeiuza mbegu, na mwenye kuuza mbegu hatakuwa na pa kuomba siku yake ikimfikia. Ndiyo maana walikataa vitenge. Walikuwa wanalinda haki yao ya kurudishiwa.

Na ukichelewa kurudisha, hakuna atakayekuja kukupigia kelele. Anayekudai anachukua kile kitunga, anakuja nacho asubuhi kikiwa kitupu, anakiweka mlangoni pako, anageuka na kwenda zake. Basi, hapo kimekaa. Anayepita anakiona. Mgeni akija anakiruka. Niliwahi kuona kitunga mlangoni petu nikiwa mdogo, mwaka ambao panya walimaliza mbegu yetu na mavuno ya mkopo yakawa mabaya. Mama alifagia uwanja wote akakizunguka. Baba akaanza kutokea mlango wa jikoni. Siku iliyofuata mama alikijaza kwa ule mpunga tuliokuwa tule sisi, akakibeba kichwani jua likiwa juu kabisa, taratibu, ili watu wote waone. Mwaka ule tulikula mihogo. Nilimchukia yule mwanamke mwenye kitunga, lakini nilikuwa mtoto na nilikuwa na njaa. Mama hakumchukia hata kidogo.

Kwa hiyo nilimwambia profesa. Sitaki mtu aje kusema mratibu wa huku alinyamaza. Nilimwambia pale pale Wamaza, tumesimama kando ya pikipiki, kwa Kifaransa changu chote cha darasani. Nikamwambia hawakutoa bure, wamekopesha, siku wakikosa mbegu watataka irudi, na irudi na nyongeza. Akaniwekea mkono begani.

"Bila shaka," akasema. "Huo ndio ushirikiano wenyewe. Matokeo yote yatarudi kwa jamii."

Nilisema mpunga, akanijibu matokeo. Nilipaswa kukasirika siku ile ile, lakini mwanafunzi alikuwa anatuita tupige picha ya pamoja.

Miaka ikapita kama inavyopita miaka ya miradi. Kila kiangazi wanafunzi wao walikuja wakalala nyumbani kwangu, mke wangu akawachemshia maji ya kuoga, nikawapeleka mashambani, nikawatafsiria, nikawasubiri wakiumwa tumbo. Walirudi kwao wakawa madaktari wa falsafa kwa mpunga wa Kabambare. Sisi tulimpeleka mwanafunzi mmoja, binti mwenye akili kali. Alisafiri mpaka Kinshasa kuomba viza, akanyimwa, kwa sababu eti hakuonyesha kwamba angerudi nyumbani. Mshale wa kutoka kwetu ukakatika hapo, ila ubaoni uliendelea kuchorwa mzima.

Mimi nilibahatika kwenda mara moja. Wakanionyesha chumba cha baridi. Nilivalishwa koti zito, mlango ukafunguka, na ndani kulikuwa na rafu za chuma mpaka darini. Kijana mmoja akavuta droo akaniletea kipakiti cha rangi ya fedha kilichobandikwa namba. Hakukuwa na jina la Wamaza, wala la shangazi, wala mpunga wa mbele. Nikanyoosha mkono nikishike. Akasema samahani, joto la mkono si zuri kwa mbegu. Nilirudisha mkono mfukoni. Mbegu ile ilikuwa imekaa juu ya moto wa shangazi vizazi na vizazi, na joto la mkono wangu ndilo lililoonekana hatari.

Kisha wenye bunduki wakafika Wamaza. Sitasimulia hayo, nimechoka kuyasimulia kwa watu wanaoyataka zaidi ya wanavyotaka mengine yote. Watu walikimbia. Shangazi alifika kwangu Kasongo na sufuria moja na kitunga chake, amekigeuza juu chini kichwani kwa ajili ya mvua. Alikaa nasi miezi mingi, akagombana na mke wangu juu ya chumvi, na kila jioni alikaa kibarazani akiangalia upande wa nyumbani. Hali ilipotulia alirudi wa kwanza kabisa, hata kabla sijapata wa kumsindikiza.

Alikuta jikoni hakuna paa. Mafungu ya juu ya moto yalikuwa yameliwa na waliopita, na yasiyoliwa yaliungua. Kwa jirani vivyo hivyo. Wanawake walikwenda kijiji kwa kijiji wakiomba. Mpunga mwingine ulipatikana, ule mweupe unaochelewa, lakini mpunga wa mbele hakuna aliyekuwa nao. Ulikuwa umeisha kwenye moto wa kila jiko.

Nilipokwenda kumwona alikuwa anapiga tofali za jiko jipya. Hakuacha kazi.

"Baba," akasema, "wale wazungu wako na mupunga yetu. Uwaambie warudishe sasa. Mvua iko karibu."

"Nitawaambia, shangazi."

"Uwaambie vizuri. Mutu anaweza kusahau. Haiko mubaya kusahau."

Alisema hivyo bila wasiwasi wowote, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Kwake jambo lilikuwa jepesi. Mbegu ilikuwa kwa mtu mwenye ghala zuri, ghala lisiloungua, na siku ya kuihitaji ilikuwa imefika. Nilirudi Kasongo nikiwa na furaha kweli. Nikasema moyoni, haya, sasa tutaona faida ya huu urafiki.

Nilimwandikia profesa, naye akanijibu haraka, na kwa huruma. Aliwaonea huruma sana watu wa Wamaza. Kisha zikaja sababu, kila wiki na yake. Mbegu hizo bado ziko kwenye utafiti ambao haujachapishwa. Mkataba kati ya vyuo viwili, uliowekwa saini na mkuu wa chuo chetu mwenyewe, unasema zitunzwe kwa ajili ya sayansi. Kuzirudisha Kongo kunahitaji kibali cha Kinshasa na ukaguzi wa magonjwa ya mimea. Magonjwa ya mimea, jamani, kwa mpunga uliotoka jikoni kwa shangazi. Na mwisho wa yote ikaja ruhusa, maana walijitahidi: wangeweza kuleta bahasha ndogo, punje za kujaza kiganja kimoja, iwapo mpokeaji ataahidi kutozipanda kwa ajili ya kula.

Nilisoma maneno hayo nimesimama chini ya mnara wa simu, mahali pekee ambapo mtandao ulikuwa unashika siku hiyo, watu wa pikipiki wakinipigia honi nitoke njiani. Nikayasoma tena. Kutozipanda kwa ajili ya kula. Nilitaka kumwuliza mtu yeyote aliyekuwa karibu, hata yule muuza mikate, mpunga unapandwa kwa ajili ya nini kingine.

Nikaenda kwa mkuu wa chuo chetu, ambaye sisi tunamwita rekta. Ni mtu wa Nyangwe, mwenye sauti ya chini na mashati yaliyopigwa pasi vizuri. Nilimweleza yote. Alifunga mlango kwanza.

"Asista, weye unataka kutuharibia?" akaniuliza. "Mwezi ujao wanakuja kusaini upya. Kuko kompyuta ndani, kuko bati za maktaba. Funga mudomo kidogo."

"Rekta, mvua haingoji kusaini."

"Najua. Miye pia mama yangu alilima. Lakini ukiwaambia watu vile, watakwenda ku chuo kingine, na sisi tutabaki na nini?"

Maktaba yetu ilikuwa inavuja kweli. Walimu walikuwa hawajalipwa kweli. Ndivyo unavyofungwa mdomo, na anayekufunga naye mdomo wake umefungwa kitambo. Nilitoka ofisini kwake nikaupiga teke ukuta wa nje, ukuta wa matofali ya kuchoma, na kidole changu kikavimba wiki nzima.

Shangazi nilimwambia kwa simu ya mtoto wa jirani yake, na kidole kikiuma. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakutukana, na hapo niliogopa, maana shangazi asipotukana kuna jambo.

"Mulango yao iko wapi?" akauliza.

"Mbali, shangazi. Mpaka ndege. Na viza hawatakupa."

"Na huku wanakuja lini?"

Nikamtajia siku. Akakata simu.

Siku ya kusaini ukumbi ulipambwa. Viti vya plastiki vilikodiwa sokoni, wanafunzi waliimba, soda zilikuwa ndani ya beseni la maji. Nyuma ya meza kuu lilitundikwa bango kubwa walilotoka nalo kwao, na kwenye bango ile mishale miwili, safari hii imepigwa chapa kwa rangi, ya urefu mmoja kabisa. Profesa alivaa kitenge. Nilikaa safu ya pili, kama mratibu wa huku.

Rekta alikuwa katikati ya hotuba yake shangazi alipoingia. Alikuwa na wanawake wengine wa Wamaza, vumbi jekundu limewapanda mpaka magotini, na kila mmoja ameshika kitunga. Hakuna aliyewazuia, maana walitembea kama watu waliotarajiwa. Wakapita katikati ya viti, wakafika mbele ya meza kuu, wakainama mmoja mmoja, wakaviweka vitunga chini, vitupu, midomo juu. Wakageuka. Wakatoka wakasimama nje, kando ya mlango, migongo yao ikiwa ukutani.

Nitajaribu kueleza kilichotokea kwa sisi tuliobaki ndani. Dereva wetu, mtu wa Kabambare, alishusha kofia machoni. Wapishi waliokuwa wanachungulia dirishani wakarudi nyuma. Mkuu wa kitivo chetu akaanza kuangalia viatu vyake. Nilihisi joto la aibu limenipanda usoni kama nilipokuwa mtoto nikikiruka kile kitunga mlangoni petu. Na rekta alijua. Alisimama na karatasi yake mkononi, mdomo wazi, akashindwa kuendelea.

Profesa aliweka mkono kifuani. Akainuka, akaizunguka meza, akakiokota kitunga cha shangazi, kile kile kilichopimia mpunga wake, kile kile kilichokuja Kasongo kichwani kwenye mvua. Akakigeuza, akasifu ufumaji wake. Kisha akaivuta maikrofoni karibu na mdomo.

"Kwa mara nyingine," akasema, "wanawake hawa ambao wamepoteza kila kitu wanatufundisha ukarimu."

Wageni wakapiga makofi. Sisi hatukupiga. Kisha mtu mmoja akapiga kwa adabu tu, akafuatwa na mwingine, na mwisho ukumbi mzima ukawa unapiga makofi.

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka nimeshika ukingo wa kitunga upande wangu na yeye ameshika wa kwake. Maikrofoni ilikuwa katikati yetu, kwa hiyo watu wote walisikia.

"Madamu, hii si zawadi," nikasema. "Mnadaiwa. Mmewekewa kitunga mlangoni. Wanauliza mpunga wao uko wapi."

Alitabasamu akidhani sijamaliza. Hakuachia. Nami sikuachia. Nilitaka kukivuta kwa nguvu zangu zote, kikatike ikibidi, na sina haja ya kuficha hilo. Nilikuwa nimechoka kutafsiri. Nilikuwa nimewatafsiria miaka yote hiyo, wakisikia kila neno na kukosa jambo lenyewe, na sasa wangeondoka hata na kipimio cha shangazi, wakamwachia mikono mitupu kabisa.

"Baba," sauti ikaita kutoka mlangoni. "Umwachie."

Nikageuka. Shangazi alikuwa ameingia hatua chache tu.

"Umwachie aende nacho," akasema kwa Kibangubangu, ili mimi na watu wetu peke yetu ndio tusikie. "Mimi nisingefika mlangoni kwake. Sasa atakibeba mwenyewe mpaka kwake."

Nikaachia. Profesa akanishukuru. Rekta akapata sauti yake, akawaambia wageni kwamba asista amezidiwa na hisia kwa sababu kwao ni Wamaza, na wageni wakaniangalia kwa huruma. Kisha wakasaini. Vitunga vingine viligawanywa kwa wajumbe, kila mmoja na chake, na nikawaona wakivifunga kwenye mifuko ya nguo laini visivunjike njiani.

Cheo cha mratibu hawakuninyang'anya. Rekta alinikaripia kwa sauti yake ya chini, akaniambia nina bahati, lakini hakupata mwingine wa kwenda Wamaza kwa pikipiki ya kuazima. Kompyuta zilikuja. Bati za maktaba zilikuja nusu.

Mvua za kwanza zilinyesha, na wanawake wa Wamaza walipanda mpunga mweupe unaochelewa kwa sababu ndio uliokuwepo. Miezi ile iliyokuwa ya mpunga wa mbele walikula majani ya mihogo, na mihogo yenyewe ilikuwa haba baada ya kukimbia. Nilipeleka mchele kidogo niliomudu kununua. Nilimkuta shangazi amepungua, mifupa yake mikubwa imejitokeza mabegani. Alikuwa bado anagombana, lakini alikaa chini kwanza ndipo agombane. Aliniuliza kama wameleta. Nikasema bado. Akasema basi wasubiri waone watu wanavyowapita mlangoni. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba kule wanakoishi hakuna anayeangalia mlango wa mwenzake.

Siku hizi tuna mkutano wa video kila mwezi, kwa zile kompyuta. Mwezi ambao rafiki zetu walibadilisha ofisi, profesa alitaka kutuonyesha ofisi yake mpya. Akaizungusha kompyuta yake tuone dirisha, tuone vitabu, na mwisho tuone mlango. Chini, pembeni mwa mlango, kilikuwa kitunga cha shangazi.

"Nimekiweka hapa," akasema kwa furaha, "ili nikione kila ninapoingia."

Dereva alikuwa amesimama nyuma yetu, nikamsikia anavuta pumzi. Hakuna kitu kilichokuwa ndani ya kile kitunga. Kilikaa kama inavyotakiwa kikae, kitupu, mdomo juu, mahali ambapo shangazi angekiweka kama wangempa viza.

Mkutano uliendelea. Walizungumza makala, bajeti, wanafunzi wa kiangazi kijacho. Mwishoni profesa akauliza kama mratibu wa huku ana la kuongeza.

"Ninalo," nikasema. "Hicho kitunga cha mlangoni kwako bado kitupu."

Akageuka, akakitazama. Akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujifunza kwa dhati, kwa kawaida watu wa kwetu huweka nini ndani yake.

"Mpunga," nikamwambia. "Ule mnaouweka kwenye baridi. Ukijaze mpaka kuwe na kilima."